Chuma cha mguuni hakirudiwi

Leo nawajibu wote kwa pamoja maana mmeshaniuliza watu wanne: lile bamba alilotolewa mguuni kijana wa shangazi, likichemshwa vizuri, kwa nini asiwekewe baba mdogo badala ya kununua jipya kwa hela ndefu? Si chuma ni chuma?

Hapana jamani. Vijidudu siyo shida. Wodini vifaa vinapitishwa kwenye mashine ya mvuke, joto nyuzi 134, vinatoka safi. Shida ni chuma chenyewe.

Mabamba mengi ya aina hiyo ni aloi isiyoshika kutu: chuma, kromiamu, nikeli na molibdenamu kidogo. Ila nguvu haitoki kwenye mchanganyiko peke yake. Ndani kumejaa punje ndogo zilizoshikana kama sukari iliyoganda. Aloi hiyo ikichomwa zaidi ya nyuzi 1,000 inalainika. Waya wake wenye unene wa milimita 1 ya mraba ukining'inizwa kilo kama 20 unaanza kurefuka na haurudi. Ikivutwa na kukandamizwa kiwandani ikiwa baridi, tabaka za atomu ndani ya punje haziwezi tena kuteleza kirahisi, na waya ule ule unabeba kilo 70. Hakuna kilichoongezwa!

Mliotengeneza magari ya waya mnalijua hili. Ule waya mweusi wa kufungia nondo ni laini kwa sababu umechomwa kiwandani. Ukiupinda unakaza, ukiurudisha unakuwa mgumu zaidi, ukiendelea nenda rudi unakatika. Mguuni ni hivyo hivyo. Kila hatua ni mpindo mdogo usioonekana, na kwa siku mtu anapiga hatua maelfu. Ufa unaweza kuanza mwembamba kuliko unywele, hata ukilitazama bamba linang'aa tu kama jipya. Halafu daktari anaweza kuwa alilipinda lifuate mfupa wa yule kijana. Likipindwa tena lifuate mfupa wa baba mdogo, si ndiyo waya wa gari ule ule?

Kuna mmoja (anajijua, hahaha) kasema fundi alichome kwanza ili lianze upya. Litaanza upya kweli, kwa ulaini wa kilo 20, na ufa ukiwepo moto hauuzibi.

Baba mdogo, shikamoo. Nimeshaongea na kaka, tunachanga la jipya, sehemu yangu natuma mwisho wa mwezi. Na hilo jipya nalo, tafadhali, usitupe magongo mpaka daktari aone kwenye picha kwamba mfupa umeunga. Bamba linashikilia tu kwa muda. Mfupa usipounga, hata la bei mbaya litakatika.

Lile la zamani shangazi azuilie mlango wa jikoni.