Askari wa Bure

Siku nyingi sijaandika, BTP ilinibana kwelikweli. Nimerudi chuo juzi, na kuna kisa kimoja cha huko siwezi kukaa nacho peke yangu.

Nilikuwa nafundisha hesabu kwenye shule moja ya kata. Baada ya vipindi nikaanzisha klabu ya chesi (wengine mnaiita sataranji): bodi moja, watoto 12. Siku moja binti wa kidato cha pili, mkimya hata mkono darasani hanyooshi, akaniomba gemu. Wenzake wakatuzunguka.

Yeye nyeupe. Akasogeza askari wa mbele ya malkia hatua mbili, nami nikajibu vilevile. Akasogeza na wa kushoto kwake hatua mbili, akamwacha pale hana mlinzi. Kazi kwangu: nimle au nimwache?

Sasa mimi nimekulia kwenye drafti ya vizibo vya soda. Kwenye drafti kula ni lazima. Hata kwenye bao, ukiwa na nafasi ya kula huruhusiwi kuiruka. Ukiwekewa chambo unameza tu, lawama si zako. Chesi haikulazimishi, na ndipo pagumu: ukikosea, umejitakia.

Nikala. Wala sikupiga hesabu jamani, nilikula kwa sababu watoto walikuwa wanaangalia, nikaogopa kuonekana mwalimu mwoga.

Kumbe kula halikuwa kosa, kosa lilifuata. Akasogeza askari wa mbele ya mfalme hatua moja, askofu wake akapata njia ya kuja kudai deni. Mimi nikasema thubutu! Nikaleta askari wa pili kumlinda yule aliyekula. Akamshambulia huyo kwa askari wa pembeni kabisa. Nikaleta wa tatu. Wakalana, halafu malkia wake akateleza upande wa mfalme, akatazama mshazari mrefu ambao mimi mwenyewe nimeufagia. Mwisho wa mshazari kulikuwa na ngome yangu, iko kona, haina pa kukimbilia. Nikatoa farasi aikinge, akaliwa. Farasi mzima kwa ajili ya askari mmoja! Gemu ikaishia hapo.

"Sir, umeng'ang'ania," akasema taratibu.

Ulimi wangu ulishakuwa tayari kusema "nilikuwa nakupima tu". Si mnaijua hiyo kauli yetu sisi walimu? Nikaimeza. Nikapanga kete upya mbele yao wote, nikawaonyesha hatua niliyoharibu. Na tangu siku hiyo, hata kwenye kipindi cha hesabu, yule binti akaanza kunyoosha mkono.

Ufunguzi ule ndio uliotoa jina la tamthilia ya mwaka 2020, The Queen's Gambit. Neno gambit lina asili ya Kiitaliano, gambetto, yaani kumtegea mtu mguu aanguke. Ngwara kabisa! Kasisi wa Hispania, Ruy López, alilitumia kwenye kitabu chake cha chesi cha mwaka 1561. Lakini nimegundua kwenye ngwara hii mguu hautegwi pale unapokula. Unategwa pale unapokataa kuachia.

Wiki ya mwisho tukacheza tena. Askari yuleyule, mahali palepale. Safari hii nilifikiri dakika nzima, swali likiwa moja tu: nikimla, niko tayari kumrudisha? Nilikuwa tayari. Nikala. Alipofungua njia ya askofu, sikumlinda mtu. Nikatoa farasi, yeye akachukua askari wake, nikasogeza wa mbele ya mfalme. Askari sawa kwa sawa, na mimi kete zangu zinatoka bila presha. Tukamaliza sare. Akacheka, mara ya kwanza namwona anacheka.

Sisi wa mkopo tungepaswa kulijua hili mapema. Boom likiingia tunalila kama letu, kumbe kuna siku litadaiwa.

Haya, semina ya saa kumi inaniita. Mwenye bodi ya chesi anitafute jioni, ila akinitegea askari asitegemee nitakimbia.