Baiskeli ya Kwendea Kazini

Wazee wetu walisema rahisi inavunja upishi. Kwa miaka mingi nimewafundisha watoto methali hiyo darasani, nikiwatolea mfano wa mchele wa bei ya chini wenye mawe. Siku niliyoielewa mimi mwenyewe nilikuwa nimesimama kando ya barabara ya Newala, gurudumu mkononi, na kengele ya shule imekwisha kulia.

Ninaishi Mtwara mjini na ninafundisha Naliendele. Ni mwendo wa kilomita 10 hivi. Asubuhi njia inapanda, kwa sababu mji uko pwani na Naliendele iko zaidi ya mita 100 juu ya usawa wa bahari. Jioni inateremka. Nauli ya daladala, pamoja na bodaboda siku za kuchelewa, ilikuwa ikila karibu robo ya mshahara wangu. Ndipo nilipomwomba mke wangu fedha zake za upatu. Alikuwa amezipangia mabati, maana chumba cha watoto kilikuwa kinavuja. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Baba watoto, kama hiyo baiskeli itazirudisha kabla ya mvua, chukua." Nikaahidi.

Dukani na kwa wauza mitumba nilikuta baiskeli za namna tatu. Ya kwanza ni Phoenix, ile ndefu ya Kichina tuliyoizoea, yenye keria imara inayobeba gunia la korosho bila kulalamika. Ina uzito wa kilo 20 na zaidi, na haina gia. Ya pili ni ya milimani, yenye matairi manene ya meno na springi mbele. Watoto huipenda kwa macho, lakini kwenye lami meno yale hukushika kama mtu anayekuvuta shati kwa nyuma, na springi hunywa nguvu unayoitia kwenye pedali. Ya tatu ilikuwa ya mtumba, iko katikati ya hizo mbili: fremu nyepesi, gia saba nyuma, tairi si jembamba kama la mashindano wala si nene kama la milimani. Wenyewe Ulaya huiita chotara.

Jina hilo lilinichekesha. Naliendele ni mahali pa machotara. Katika kituo cha utafiti wa kilimo, watafiti huchanganya mikorosho ya aina mbalimbali ili wapate mche unaozaa vizuri na kustahimili ubwiriunga. Nikajiambia, basi chotara ndiyo yangu. Bei yake ilikuwa chini ya Phoenix mpya. Nikalipa bila kuuliza neno, nikarudi nyumbani nikipiga kengele.

Kwa miezi miwili nilikuwa mtu mwenye raha. Asubuhi nilipanda kwa gia nyepesi bila kushuka, na lori liliponisukuma pembeni, tairi lilistahimili mchanga. Fedha ya nauli niliiweka kwenye kopo, na mke wangu akawa analitikisa Jumamosi kusikia uzito wake.

Halafu tairi la nyuma likapasuka. Fundi wa chini ya mwembe alilitazama, akaona limeandikwa 28, akanituma dukani. Nilinunua tairi jipya lililoandikwa 28 vilevile. Alipolivalisha, likapwaya. "Mwalimu," akasema, "hii 28 si ile 28." Akanionyesha namba ndogo ubavuni ambazo sikuwahi kuzisoma. Tairi la Phoenix lina 635, langu lilikuwa na 622. Hicho ndicho kipenyo cha rimu kwa milimita. Tofauti ni milimita 13 tu, lakini hakuna nyundo inayoweza kuziondoa. Nilizunguka maduka yote ya mjini siku ile, nisipate tairi la 622 hata moja.

Nililiagiza Dar es Salaam kupitia jamaa aliyeko Kariakoo. Lilichukua wiki tatu kufika. Katika wiki hizo kopo lililiwa na nauli ya basi la mzigo, bei ya tairi na bodaboda, na mvua ikaja. Usiku mmoja niliamka nikamkuta mke wangu akihamisha godoro la watoto na kutega sufuria sakafuni. Hakuniambia neno. Afadhali angenigombeza.

Shemeji yangu aliniazima Phoenix yake. Kilimani nilishuka nikaisukuma kila asubuhi, nikafika darasani shati limelowa. Lakini siku ilipotoboka, kijana wa barabarani aliiziba kwa dakika chache, na tairi lake lilikuwa linaning'inia dukani mbele ya macho yangu. Hapo nilijifunza kwamba kila baiskeli ina bei mbili. Moja unamlipa muuzaji siku ya kwanza, ya pili unamlipa fundi kila siku itakapoharibika. Mimi niliuliza ile ya kwanza tu.

Watafiti wale niliowasifu hawampi mkulima mche kwa sababu una majani mazuri. Huujaribu kwanza kwa miaka, katika udongo atakaoupanda. Mimi nilichukua jina la chotara nikaacha kazi ya kumchunguza.

Sikuiuza baiskeli ile. Ilikuwa nzuri, aliyekosea ni mnunuzi. Basi, ndugu msomaji, ukitaka ya namna hii, kwanza soma namba ya tairi, uende nayo dukani kabla hujatoa fedha. Chagua fremu ya chuma, maana ikikatika, mchomeleaji wa mtaani ataiunga, ya aluminiamu itamshinda. Epuka springi. Hakikisha keria inafungika. Ipande kilimani, si uwanjani kwa muuzaji. Na katika fedha ulizo nazo, tenga za tairi la akiba na tyubu mbili, uzihesabu kuwa ni sehemu ya bei. La kwangu liko chini ya kitanda mpaka leo.

Kopo lilianza upya. Mabati tuliyapandisha mwaka uliofuata, mwezi wa kumi, korosho zikiwa zinaanguka. Mvua ya kwanza ilipopiga, mke wangu alisikiliza juu, kisha akauliza kama nimeiingiza baiskeli ndani. Nikajua nimesamehewa, ingawa ahadi yangu ilichelewa msimu mzima, na waliolowa ni watoto.