Udongo wa Nywele

Kiangazi, pamba ya Simiyu ikivunwa, vumbi la Bariadi hutua hata kichwani. Hapo kichwa cha mwanamume kisichong'aa husemwa kimepauka, na aliyepauka hudhaniwa hana wa kumtunza. Lakini kijana huyu amtaka kinyozi ampake udongo wa nywele, ule wa kopo usiong'aa! Kaolini au bentonaiti iliyomo hunyonya mafuta, na nta hushika umbo. Nywele za kipilipili, kavu kwa asili, zina mafuta gani ya kunyonywa? Basi kinyozi huzilowesha kidogo, huzipaka mafuta, kisha husugua viganjani udongo kiasi cha punje ya hindi na kuugusisha nchani tu. Nyumbani mamaye huuliza kama mafuta yamekwisha.