Kibali Kilivyotulea

Sisi tuliokulia Likoni, Kisauni na Changamwe mjini Mombasa katika miaka ya mwanzo ya uhuru tumejaaliwa jambo ambalo vijana wetu hawakulipata: tumeishi chini ya bei ya serikali, kisha tukaishi chini ya bei ya soko, na zote mbili tumezilipa kwa jasho lilelile. Nawasikia vijana wakijadiliana vibarazani, mmoja akisema soko huria ndilo lililommaliza masikini, mwengine akitaka serikali ijitoe kabisa katika biashara. Wana haki ya kubishana, maana mzigo wa maisha sasa uko mabegani mwao. Nami kwa niaba ya marika yangu naomba kuweka ushahidi wetu mezani. Kilichotusumbua kuliko bei yoyote, ya juu au ya chini, kilikuwa kibali, na mkono ulioshika kalamu ya kukitia saini.

Katika miaka ya sabini na themanini bei ya unga, sukari na mafuta ya taa ilipangwa na serikali, na mwenye duka aliyezidisha alipelekwa mahakamani. Ukilisikia, ni jambo la huruma. Lakini kila uhaba ulipoingia, bidhaa ya bei halali ilifichwa chini ya kaunta, ikawafikia waliojuana na wakala, na wengine tukainunua mlango wa nyuma kwa bei ya magendo. Mahindi ya bara yakizidi magunia machache hayakuvuka kizuizi cha polisi bila karatasi ya bodi ya nafaka, hata kama wilaya moja ina ziada na nyingine ina njaa. Baharia aliyerudi Likoni na dola zake za halali, alizozitolea jasho katika meli za watu, alitakiwa kisheria azisalimishe benki. Akikutwa nazo nyumbani, yeye ni mshitakiwa. Tulivumilia, tukajifunza kuishi kwa kusubiri: kumsubiri karani, kuisubiri saini, kumsubiri mkubwa arudi ofisini.

Kisha mambo yakageuka kwa kishindo. Kati ya 1993 na 1995 udhibiti wa bei na wa usafirishaji wa mahindi uliondolewa, mafuta yakaachiwa soko Oktoba 1994, na sheria ya fedha za kigeni ikafutwa. Sitaipamba miaka hiyo. Shilingi iliyokuwa karibu 36 kwa dola mwishoni mwa 1992 ilimaliza 1993 ikiwa karibu 68, na mshahara wa kuli haukuikimbilia. Mitumba ilifurika huku viwanda vya nguo vya Kisumu na Eldoret vikidhoofika na kufungwa. Lakini robota hilohilo la mitumba, lililofunguliwa sokoni Kongowea kabla jua halijachomoza, liliwasomeshea watoto kina mama ambao hakuna ofisi iliyowahi kuwauliza jina. Na anayelitupia soko lawama yote ya shilingi kuanguka aikumbuke kashfa ya Goldenberg, ambapo hazina ilitoa fidia ya asilimia 35 kwa dhahabu na almasi zilizodaiwa kuuzwa nje. Hilo halikuwa soko. Ilikuwa ruhusa ya pekee, aliyopewa mmoja na kunyimwa wengine wote.

Wala msidhani tulikaa tukingoja kuhurumiwa. Baba zetu waligoma mjini Mombasa Januari 1947, wakagoma tena bandarini 1955, kwa sababu walielewa kuwa nguvu ya mikono nayo ni bidhaa, na mwenye bidhaa ana haki ya kuipatania bei akiwa amesimama pamoja na wenzake. Mwaka 1973 Mzee Kenyatta aliporuhusu matatu kubeba abiria bila leseni maalumu, watu wenye gari moja bovu na moyo mkubwa walianza kazi ambayo mpaka leo inawalisha madereva, makanga na mafundi wa gereji kuanzia Magongo hadi Mishomoroni. Kinga ya kampuni kubwa ya mabasi iliondolewa kwa amri moja, na juhudi za wadogo zikaonekana.

Vijana wetu nao wamekionja kikombe cha kibali. Agosti 2019 ilipotoka amri kwamba mizigo inayoagizwa kwenda Nairobi na bara ipande reli ya SGR, waliotikisika kwanza ni watu wa Changamwe, Mikindani na Miritini: wenye matrela, vibarua wa yadi za makontena, mafundi wa matairi, kina mama wa mahamri na chai. Waliandamana, amri ikasimamishwa, na Septemba 2022 serikali mpya ikatangaza kurudisha shughuli za mizigo bandarini Mombasa. Reli hatuikatai, treni iliyo nafuu na ya haraka ingejipatia mizigo pasi na kumlazimisha mtu. Tulipowaona vijana wale barabarani tuliyatambua maisha yetu: riziki ya mji mzima imefungwa kwa karatasi, na itafunguliwa kwa karatasi.

Hata hivyo, nao wanaolisifu soko huria wafike Likoni kwanza. Tangu sheria ya hati za ardhi ya 1908, maelfu ya familia za pwani zimeishi juu ya ardhi iliyoandikishwa kwa jina la mtu mwengine, zikijenga nyumba zisizoweza kuwekwa rehani. Wakazi wa shamba la Waitiki la hapo Likoni, lenye ekari 930, walingoja miaka mingi kabla ya kuahidiwa hati zao. Mtu asiye na hati hakopeshwi na benki, na ukimwambia ashindane na mwenye kiwanja na mkopo, umemwita mbioni na mguu umemfunga.

Basi nasaha yetu ni hii, nanyi mtaipima kwa akili zenu. Kiongozi akiwaletea sera, msishughulike sana na jina lake, kama ni ya soko au ya serikali. Muulizeni nani ataruhusiwa kuingia, nani atatia saini, na aliyenyimwa ataenda kudai wapi. Daini hati za ardhi kwa nguvu ileile mliyodaia mizigo. Sisi tulitumia ujana wetu kuomba ruhusa ya kufanya kazi. Nyinyi mna elimu na sauti ya kukataa kuombeshwa.