Picha Nilizowatumia Ndugu Zangu

Niliondoka Dar es Salaam mwezi Oktoba mwaka 2022, nikiwa na masanduku mawili, cheti cha uuguzi, na Kijerumani nilichokuwa nimekisomea kwa miezi kumi na sita kila nitokapo zamu ya usiku. Mwanangu wa pekee, mwenye umri wa miaka tisa, nilimwacha Lindi kwa bibi yake. Siku ya kuagana hakulia. Aliniuliza tu kama huko niendako nitapata samaki. Nikamwambia nitapata. Namwomba msomaji aanze kuuhesabu uwongo wangu hapo, maana haukuwa wa mwisho.

Mji niliopangiwa kazi ni Leipzig, katika sehemu iliyokuwa ikiitwa Ujerumani ya Mashariki hadi mwaka 1990. Baadhi ya wazee wetu waliosoma huko zamani wanaufahamu, kwa kuwa wanafunzi wengi kutoka Afrika walikuwa wakipelekwa hapo kwanza kujifunza lugha. Chumba changu kilikuwa ghorofa ya tano, mtaa wa Grünau, wenye majumba marefu ya zege yaliyoanza kujengwa mwaka 1976. Mtu aliyepata kupita Kikwajuni au Kilimani, Unguja, ambako Wajerumani hao hao wa Mashariki walisaidia kujenga nyumba katika miaka ya 1960, hawezi kupotea Grünau. Mimi nilijiona nimefika kwa jamaa, mpaka nilipotafuta baraza nisiione.

Nilidhani naenda kuwa muuguzi. Sheria ya kule, nami siilaumu, yataka cheti cha mgeni kilinganishwe kwanza na cha kwao, na palipopungua mhusika asome tena au afanye mtihani. Mpaka hapo yeye ni msaidizi. Basi mimi niliyezalisha akina mama kwa miaka minane nilianza upya katika nyumba ya kutunzia wazee: kuwaosha, kuwalisha, kuwavalisha soksi za kubana miguu, na kuomba ufunguo wa kabati la dawa kwa binti ambaye angeweza kuwa mdogo wangu wa mwisho. Isitoshe, wazee wale walisema Kisaksoni, lahaja inayogeuza k ikawa g, na p ikawa b, jambo ambalo mwalimu wangu hakunionya. Wiki ya kwanza niliitikia "ndiyo" kwa kila kitu. Mzee mmoja akaletewa chai mara tatu.

Habari za baridi naziacha. Kila aliyekwenda Ulaya amekwisha kuziandika. Kilichonishinda ni giza. Mwezi wa Desemba jua la Leipzig huchomoza baada ya saa mbili asubuhi na kuzama yapata saa kumi alasiri. Nilikwenda kazini gizani nikarudi gizani, na mchana niliutazama kupitia dirisha la mgonjwa, kama mtu atazamavyo harusi ya jirani asiyoalikwa.

Mwezi Januari alifariki bibi mmoja niliyemzoea. Mwenzangu wa zamu alifungua dirisha, akanieleza kuwa ndiyo desturi yao, roho ipate njia ya kutokea. Baridi ikaingia. Kisha akatazama saa yake, akaandika daftarini. Mimi nikawa nangoja watu waje. Alikuja mwanawe mmoja siku ya pili, akachukua saa ya ukutani na picha mbili. Kwetu siku kama ile uani pasingekuwa na pa kukanyaga. Sithubutu kusema kuwa hawana majonzi, kwani nilimwona bwana yule amesimama ngazini kwa muda mrefu, ile saa ameikumbatia kifuani. Ila alisimama peke yake.

Usiku ule mama alinipigia simu kunijulia hali. Sikumweleza kitu. Nilimtumia picha ya theluji.

Hivyo ndivyo mambo yalivyoanza. Kila siku iliyonielemea niliilipia kwa picha nzuri. Nyumbani hawakuwahi kuona hati ya mshahara wangu, ambayo juu imeandikwa fedha nyingi na chini zimelipwa chache, katikati yake yakiwa makato: kodi, bima ya afya, bima ya pensheni, bima ya kukosa kazi, hata bima ya kutunzwa uzeeni. Hawakujua kwamba kila nyumba hulipa yuro 18 na senti 36 kwa mwezi kwa ajili ya redio na televisheni, uwe navyo usiwe navyo. Mimi sikuwa navyo, nikalipa. Baada ya kodi ya chumba na yuro 250 za Lindi, nilijifunza kuokota chupa tupu na kuzirudisha dukani, kwa kuwa chupa moja ya plastiki hurudisha senti 25. Nilizirudisha jioni, wateja wakiwa wachache.

Tarehe 1 Mei 2023 Ujerumani ilianza kutumia tiketi ya yuro 49 kwa mwezi, ya kupanda mabasi ya mijini na magarimoshi yote ya mikoani, ukiacha yale ya kasi. Kwangu ilikuwa kama kufunguliwa mlango. Siku za mapumziko nilifunga mkate na mayai ya kuchemsha, nikavaa koti jekundu nililolinunua katika duka la mitumba (naam, mitumba, nilifika mpaka kwenye chimbuko lake), nikapanda garimoshi la kwanza.

Safari iliyonigusa zaidi ilikuwa ya Berlin. Katika jumba la makumbusho ya viumbe amesimama mnyama wa kale, mifupa mitupu, kimo chake kimezidi mita 13, naye ni mtu wa kwetu: alichimbwa Tendaguru, mkoani Lindi, kati ya mwaka 1909 na 1913. Nilisimama chini yake nikasahau kula. Watu wazima humtaja bwana Janensch aliyeongoza uchimbaji ule, lakini mimi nilikuwa namfikiria Boheti bin Amrani, msimamizi wa wachimbaji, na mamia ya watu waliobeba mizigo ile kwa vichwa na mabega hadi bandarini Lindi, zaidi ya tani 200. Labda mmoja wao alikuwa babu wa babu yangu. Nilipiga picha, nikamtumia mama. Akauliza, "Na huyu naye watamrudisha lini?" Sikuwa na jibu. Niliona aibu kidogo kwamba miaka yote niliyokulia Lindi sikuwahi kukanyaga Tendaguru.

Paris nilikwenda kwa basi, usiku kucha, shingo imepinda. Mnara wa Eiffel, uliofunguliwa mwaka 1889, ni mzuri kwa kweli, na mtu hapaswi kuubeza kwa sababu tu umechoshwa na kadi za posta. Lakini tiketi ya lifti hadi kileleni ilizidi yuro 25. Nikautazama kutoka chini, nikamwomba mpita njia anipige picha, usiku nikalala tena ndani ya basi la kurudia. Picha yenyewe ilitoka vizuri mno. Nyumbani waliichapisha, wakaitundika sebuleni.

Picha iliyoleta balaa, hata hivyo, haikuwa hiyo. Ilikuwa ya Görlitz. Mji huo umekatwa na mto Neisse: upande mmoja Ujerumani, upande wa pili Poland, ambako unaitwa Zgorzelec. Kuna daraja la waendao kwa miguu, lililovunjwa vitani mwaka 1945 na kujengwa tena mwaka 2004. Mwezi huo wa Juni hapakuwa na askari wala kizuizi. Mbwa na watoto walivuka huku na huku. Mimi niliyezoea foleni za Tunduma nilifurahi kama mtoto, nikamwandikia mdogo wangu wa kiume: "Leo nimeingia Poland kwa miguu, hakuna aliyeniuliza hata jina." Sikuandika kwamba mfukoni nilikuwa na kibali cha ukaazi nilichokipata baada ya miezi ya kuhangaikia vyeti. Mwezi Oktoba mwaka ule ule polisi wa Ujerumani walianza tena ukaguzi katika mpaka huo, lakini kwa nyumbani kwetu maji yalikwisha kumwagika.

Mwezi Julai mjomba alinipigia simu, jambo asilolifanya ovyo. "Mpwa wangu," akasema, "unajua kuwa mdogo wako anauza mikorosho?" Ilikuwa mikorosho arobaini aliyotuachia marehemu baba. Mnunuzi alikwisha kutoa malipo ya awali, shilingi milioni mbili na nusu, na mdogo wangu alikwisha kuzikabidhi milioni mbili kwa wakala aliyemwahidi kazi kiwandani, huko huko Poland.

Nilimpigia usiku ule. Nilimweleza yote: kuosha wazee, makato, chupa, shingo iliyopinda ndani ya basi, lile koti jekundu moja katika picha zote. Alinisikiliza kimya mpaka mwisho. Kisha akasema, "Dada, wewe umekwisha kuvuka. Sasa daraja unataka kulikata." Akakata simu.

Nilikaa jikoni mpaka alfajiri. Neno lake liliniuma, nami sikuweza kumkasirikia, maana daraja lile nililijenga mimi, picha baada ya picha. Kama angeniita mwongo ningejitetea. Aliamini ule uwongo, akaukataa ukweli uliokuja ukiwa umechelewa.

Mwezi Agosti wakala akawa hapatikani kwa simu. Mnunuzi akataka fedha zake au miti. Nilikuwa nimejiwekea zaidi kidogo ya yuro elfu moja kwa ajili ya nauli ya likizo, niende nikamwone mwanangu mwezi Septemba. Karibu zote zikaenda Lindi, mjomba akazikabidhi mbele ya mashahidi. Mikorosho ikabaki. Mwanangu nilimwambia mwenyewe kwamba siji, na sababu nikampa ya kweli, kwa kadiri mtoto wa miaka kumi awezavyo kubebeshwa. Akauliza tikiti inauzwa korosho ngapi. Tukaanza kupiga hesabu pamoja.

Mdogo wangu hakunisemesha. Nikamtumia picha nyingine: viatu vyangu vya kazini, hati ya mshahara na makato yake yote, dirisha likiwa jeusi. Hakujibu hata moja.

Mwishoni mwa Oktoba 2023, nikiwa nimetimiza mwaka na siku chache, simu ililia nikijiandaa kwa zamu. Ilikuwa picha kutoka kwake: gunia limekaa juu ya mizani ya chama cha msingi, na kando yake mwanangu, amerefuka, suruali imemwacha kifundoni. Chini ameandika: "Msimu umeanza, dada. Kijana anakusalimu. Anasema picha za theluji zimetosha, anataka kuona unachokula."

Nilikuwa nimesimama, nikila mkate na yai la kuchemsha. Nikauweka mkate sahanini vizuri, kisha nikaona sivyo, nikaurudisha mkononi kama ulivyokuwa, umeumwa nusu, nikaupiga picha.