Mwalimu, Kwa Hiyo Mama Yangu Hafanyi Kazi?

Swali hilo niliulizwa mwaka jana nikiwa TP, kwenye kipindi cha Fizikia, Kidato cha Kwanza. Nilikuwa nimejiandaa vizuri tu. Andalio la somo limenyooka, na ubaoni nimeandika maana ya kazi kwa Kiingereza kilekile nilichokikariri mimi nilipokuwa na umri wao. Darasa zima limeirudia kwa sauti mara tatu.

Ili iwaingie, nikaisema kwa Kiswahili: kazi ni kani mara umbali ambao kitu kimesogea kuelekea upande wa kani hiyo. Nikaongeza mfano nilioutoa kwenye desa la chuo. Mtu anayetembea kwenye tambarare na ndoo ya maji kichwani haifanyii ndoo kazi, kwa sababu yeye anaisukuma kwenda juu, lakini ndoo inasogea kwenda mbele.

Binti mmoja wa dawati la nyuma akanyoosha mkono. "Mwalimu, kwa hiyo mama yangu hafanyi kazi?"

Darasa likacheka. Yeye hakucheka. Mimi nikajibu kwa haraka, "Kwenye Fizikia, hapana," nikaendelea na somo. Akakaa. Wiki ile yote hakunyoosha mkono tena.

Jioni nilijisikia vibaya, ila sikujua hasa nimekosea wapi. Jibu nililompa lilikuwa sahihi kwa mtihani. Nikaanza kusahihisha madaftari ya Kemia, na huko nako nikakutana na jambo lilelile kwa sura nyingine. Karibu nusu ya darasa walikuwa wameandika kwamba sukari kwenye chai inayeyuka, wakatumia lile neno la Kiingereza la barafu kuyeyuka juani. Nikawa napiga mkasi mwekundu, daftari baada ya daftari. Nilipofika kama la kumi nikasimama. Hawa watoto mwaka uliotangulia walikuwa darasa la saba, wanasoma Sayansi kwa Kiswahili. Nyumbani barafu inayeyuka, sukari nayo inayeyuka. Neno ni moja, matukio mawili. Walikuwa wametafsiri kwa uaminifu kabisa.

Na matukio hayo ni mawili kweli. Chumvi ukiitia kwenye maji ya baridi inapotea bila moto wowote. Chumvi hiyohiyo ikiwa peke yake, bila maji, inahitaji nyuzi 801 za Selsiasi ndipo igeuke kimiminika. Kinachotokea kwenye maji, vitabu vyetu vinakiita mmumunyo, na kila mtoto aliyewahi kumumunya pipi tayari ana mlango wa kuingilia kwenye neno hilo. Mimi sikuwahi kuwafungulia.

Hapo ndipo nilipoelewa kitu ambacho darasani chuoni kilinipita. Siku zote nilidhani msamiati mgumu wa sayansi ni yale maneno mageni: elektroni, mchapuko, tungamo. Kumbe hayo ni nafuu. Mtoto hana kitu kichwani kuhusu elektroni, kwa hiyo unachomwambia kinapata nafasi. Yanayosumbua ni maneno aliyokuja nayo kutoka nyumbani: kazi, nguvu, uzito, joto, chumvi. Hayo yana maana tayari, na maana hiyo imeshafanya kazi maishani mwake kwa miaka kumi na minne. Ukija na maana yako bila kuitambua ya kwake, anachagua moja kati ya mawili: akariri yako bila kuiamini, au anyamaze.

Angalia uzito. Dukani tunasema uzito wa sukari ni kilo 2. Kwenye Fizikia hizo kilo 2 ni tungamo, na uzito wake ni kama niutoni 20, yaani kani ambayo dunia inaivuta sukari hiyo. Ukiupeleka mfuko huo mwezini, mizani ya mawe bado itasema kilo 2, maana mawe nayo yamepungua uzito vilevile. Mizani ya springi ndiyo itakayoonyesha karibu moja ya sita. Mwenye duka hajakosea. Ana neno moja linalomtosha kwa biashara yake.

Kipindi kilichofuata nilirudi kwenye ndoo. Nikachora safu mbili ubaoni, moja "nyumbani", nyingine "Fizikia", nikaomba radhi kwa jibu la juzi. Kisha nikamuuliza yule binti maji wanachota wapi. "Kisimani, bondeni." Kutoka bondeni mpaka nyumbani ni kupanda, tukakadiria mita 20 kwenda juu. Ndoo ni lita 20, sawa na kilo 20 za maji, sawa na niutoni 200. Akaja ubaoni mwenyewe akazidisha: jouli 4,000, kwa safari moja, na hapo hatujahesabu mwili wa mama kuupanda mlima. Na kule kwenye tambarare? Kazi juu ya ndoo ni sifuri, lakini misuli inachoma nishati ya ugali na kuigeuza joto, ndiyo maana jasho linatoka. Kazi sifuri si uchovu sifuri. Hilo nililiandika ubaoni kwa lugha zote mbili.

Siku hiyo ndiyo aliyokuja msimamizi kutoka chuo. Alinikata alama za lugha ya kufundishia, kwa sababu sekondari ni Kiingereza. Simlaumu sana, utaratibu ndio huo, na watoto wale mtihani wa Kidato cha Nne watauandika kwa Kiingereza. Ila sijui ningemfikishaje yule binti kwenye neno la Kiingereza bila kupitia neno la mama yake.

Kwa nyinyi mnaokwenda TP mwaka huu, nina moja tu la kuwaambia. Kabla ya kuandika maana ubaoni, waulize wanafunzi neno hilo kwao lina maana gani. Ni dakika tano. Na kama Kiswahili chenyewe cha sayansi kinakupiga chenga, Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya TUKI ipo tangu 1990, kabla wengi wetu hatujazaliwa.

Wiki yangu ya mwisho pale, ule mkono wa dawati la nyuma ulinyooka tena. "Mwalimu, na akiwa anashuka na ndoo tupu, hapo kazi anafanya nani?"

Nikampa chaki.