Shokapu za gari la mwanangu

Leo sina somo kubwa. Nina kisa cha nyumbani kwangu hapa Rohero, nacho kinanihusu mimi mzazi zaidi kuliko kinavyomhusu mtoto.

Mwaka 2024 shemeji yangu aliyeko Maskati alikuja kututembelea. Akamletea mwanangu, mwenye miaka 11, gari la kuendesha kwa rimoti. Ni pikapu ndogo, moja ya kumi ya gari la kweli, yenye magurudumu manene na shokapu nne zenye springi nje na mafuta ndani. Mwaka huo petroli ilikuwa ya kutafuta kwa tochi mjini Bujumbura, gari langu likalala uani siku nyingi. Kwa hiyo baada ya Alasiri nilikuwa nyumbani, nikimtazama mtoto anavyocheza.

Njia ya nyuma ya nyumba yetu ni ya udongo, ina mashimo na mfereji. Gari likipita kwenye tuta lilirukaruka kama chura, kisha likapinduka. Nikasema, mafuta ya shokapu hizi ni mepesi, kazi hii naijua. Nikazifungua, nikamwaga yaliyomo, nikatia oili ya injini iliyobaki kwenye kopo. Mwanangu akaniambia, "Baba, kitabu chake kinasema mafuta ya silikoni tu." Nikamjibu kuwa mafuta ni mafuta.

Siku za mwanzo gari lilitulia, nami nikajisifu. Baada ya wiki mbili shokapu zikaanza kuvuja, na ule mtaimbo mdogo wa ndani ukawa unakwama. Siku moja gari likaacha madoa kwenye zulia la sebuleni, na tulikuwa na wageni. Nikamkaripia mtoto mbele yao. Nikasema hajui kutunza kitu, na kwamba mjomba wake amepoteza pesa bure. Gari nikalifungia kabatini. Mtoto akanyamaza. Habari ya kitabu hakuitaja tena.

Mama yake ndiye aliyenishauri nilipeleke kwa fundi Buyenzi. Mnajua wenyewe, gari likishindikana kwingine, Buyenzi litapata mtu wa kulifungua. Tulimkuta mzee mmoja amekaa bila kazi, kwani magari hayakuwa yakitembea. Akaichukua shokapu yetu, ndogo kuliko kidole chake, akacheka, akaifungua kwa upole. Akatoa ring ya mpira ya chini, akaiweka kiganjani. Ilikuwa imevimba na kulegea.

"Amotisa hii ilitiwa oili ya injini," akasema. "Mpira wa namna hii hauivumilii. Nani aliyeitia?"

Mwanangu akatazama viatu vyake. Hakuninyooshea kidole. Ndugu zangu, hilo ndilo lililonichoma. Mtoto niliyemwaibisha mbele ya watu alikuwa ananisitiri mbele ya mtu mwingine.

Nikasema, "Ni mimi, mzee. Na kijana alinionya."

Siku ya Ijumaa wale wageni walirudi kwa chakula cha mchana. Kwa kuwa nilimkaripia mbele yao, sikuona haki kumwomba radhi chumbani kwa kunong'ona. Nikamwomba palepale kwenye mkeka. Akasema, "Hamna neno, baba," akaendelea kula wali wake. Mimi ndiye niliyeshindwa kumeza.

Shemeji alitutumia kwa msafiri ring mpya na vichupa vitatu vya mafuta ya silikoni, namba 300, 400 na 500. Namba ikiwa kubwa, mafuta ni mazito na shokapu inakwenda polepole. Safari hii mtoto alisoma kitabu, mimi nikashika bisibisi. Haya ndiyo tuliyojifunza, huenda yakawafaa wenye watoto wa namna hii.

Kwanza, springi na mafuta vina kazi mbili tofauti. Springi inabeba uzito wa gari, mafuta yanazuia springi isirudi kwa fujo. Ndani kuna pistoni yenye matundu, na mafuta yanapenya humo. Pili, hewa ndiyo adui. Ukishajaza, vuta mtaimbo hadi mwisho, kisha upandishe na kuushusha taratibu mpaka mapovu yatoke, uache ikae dakika kadhaa ndipo ufunge kifuniko. Tatu, vile vipete vya juu ya springi vinainua gari tu, havifanyi springi kuwa ngumu. Nne, kulia na kushoto vifanane.

Kupima ni rahisi. Inua gari kiasi cha shibiri moja, liachie. Likidunda, mafuta ni mepesi mno. Likitua kama jiwe na njiani likarukia kila kokoto, ni mazito mno. Linatakiwa lizame kidogo, linyanyuke mara moja, litulie.

Tulianza na 500 pande zote. Likawa gumu kwenye mashimo madogo. Tukarudi 300, likawa chura yuleyule. Mwishowe 400 mbele na 500 nyuma, kwa kuwa betri na mota vya gari letu vimeelemea nyuma. Kila badiliko mtoto aliliandika kwenye daftari lake la hesabu, moja kwa wakati, maana ukibadilisha mawili hujui lipi limekusaidia. Ilituchukua jioni sita. Siku ya sita gari liliruka mfereji, likatua, likaendelea na safari.

Yule mzee wa Buyenzi tulimrudishia habari. Akamwambia mwanangu aende kwake wakati wa likizo akamsaidie kuosha vyuma, na amekuwa akienda.

Ile ring iliyovimba sikuitupa. Iko kwenye droo yangu pamoja na funguo. Mtoto anaponiambia "baba, lakini kitabu kinasema," naikumbuka, nami humwambia, "Haya, nisomee."